Umbali wa Kamba na Umbali wa Miguu



Umewahi kumwona mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi? Jioni ukienda kumfungua utakuta majani yameliwa pande zote kukizunguka kile kigingi. Sehemu iliyoliwa ni duara. Mbuzi hakusoma hesabu. Kamba ndiyo iliyochora duara hilo. Ukisimama mahali popote kwenye ukingo wake, umbali wako kutoka kwenye kigingi ni ule ule, nao ni urefu wa kamba.

Basi tunaweza kusema hivi: duara ni mahali pote palipo na umbali mmoja kutoka katikati. Yashike maneno haya, maana tutayahitaji.

Sasa nakuuliza swali. Je, duara linaweza kuwa na kona nne?

Niliposikia swali hili mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani ni kitendawili. Baadaye nikapangiwa kufundisha darasa la kisomo katika kijiji kimoja upande wa Kimamba, wilaya ya Kilosa. Kijiji hicho ndicho kilichonipa jibu, na jibu lenyewe lilitokana na ugomvi wa bomba la maji.

UGOMVI WA BOMBA

Kijiji kile kina vitongoji viwili. Tuviite Kitongoji cha Chini na Kitongoji cha Juu. Kati yao pamelala kipande cha shamba la mkonge. Kipande hicho ni cha mraba, na kila upande wake una urefu wa mita 400. Kitongoji cha Chini kiko kwenye kona ya kusini-magharibi. Kitongoji cha Juu kiko kwenye kona ya pili inayokielekea, kaskazini-mashariki. Barabara za shamba zinapita ndani ya kipande hicho kila baada ya mita 100. Nyingine zinakwenda mashariki, nyingine zinakwenda kaskazini. Zote zimenyooka na zinakatana.

Fedha za kijiji zilitosha bomba moja tu. Shamba lilikubali bomba liwekwe kwenye njia panda yoyote. Akaja mtaalamu na ramani. Akachukua bikari, akaweka ncha yake katikati ya kipande cha mkonge, akachora duara la mita 400. "Wote waliomo humu," akasema, "wana maji."

Kwa nini mita 400? Hesabu hiyo haikutoka kichwani mwake. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi awe anapata maji safi bila kutembea zaidi ya mita 400. Mwaka 1991 ukapita na shabaha haikufikiwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikaitaja tena hesabu hiyo: kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, na umbali usizidi mita 400. Kwa hiyo mtu akiwa ndani ya mita 400 huhesabiwa kuwa amepata maji. Akiwa nje, bado anadai.

Katika mkutano ule alikuwapo mama mmoja wa Kitongoji cha Juu. Nyumba yake iko pembezoni, mita 100 kaskazini ya kitongoji. Aliitazama ramani kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mtaalamu, "Mwanangu, ramani hii amepima ndege. Mimi nina miguu."

Watu walicheka. Mtaalamu akapima tena kwa rula. Akaonyesha kuwa kutoka bombani mpaka kwa mama ni mita 360 hivi. "Mama, umo ndani ya duara," akasema kwa heshima. Mama akajibu, "Nimo ndani ya karatasi."

MKONGE HAUKATWI KONA

Ili umwelewe mama yule, lazima uujue mkonge. Mmea huu uliletwa nchini kwetu mwaka 1893, na mtu aliyeuleta ni Dakta Richard Hindorf. Kila jani lake lina mwiba mgumu kwenye ncha. Katika mashamba mengi mkonge hupandwa mistari miwili miwili. Kati ya mmea na mmea katika mstari kuna nafasi ndogo, kama sentimita 80. Mkonge ukishakua, majani yanafunga nafasi hiyo. Mkata mkonge mzoefu huvaa mavazi mazito, na bado anachomwa. Seuze mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Hawezi kukatiza ndani ya mkonge. Lazima afuate barabara: kwanza mashariki, kisha kaskazini, au kwanza kaskazini, kisha mashariki.

Nyumba ya mama iko mita 200 mashariki na mita 300 kaskazini ya mahali pale pa bomba. Kwa kamba iliyonyooshwa juu ya mkonge ni mita 360. Kwa miguu ni 200 na 300, yaani mita 500. Kwenda na kurudi ni kilomita moja kamili, na katika kurudi ana lita 20 za maji kichwani. Lita 20 za maji ni kilo 20.

Mafundi wa nyumba wanakijua kipimo cha kamba vizuri sana. Fundi akitaka pembe ya msingi ikae sawasawa, hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kisha hunyoosha kamba kutoka ncha hadi ncha. Kamba ikiwa na mita 5, pembe imekaa mraba. Hesabu ya fundi ni ya kweli. Lakini fanya pembe hiyo iwe kona ya barabara za shamba la mkonge. Kutoka ncha hadi ncha utatembea mita 7, wala si 5.

Kwa hiyo kuna vipimo viwili. Darasani tuliviita umbali wa kamba na umbali wa miguu. Hakuna kilicho cha uongo kati yao. Mbuzi na fundi wanatumia cha kwanza. Mchota maji katika mkonge anatumia cha pili. Kosa linaingia pale mmoja anapopimiwa kwa kipimo cha mwingine.

TUCHORE DUARA LA MIGUU

Jioni ile darasa halikusoma kitabu. Tulitoka nje, tukachora barabara kwenye mchanga. Wewe pia fanya hivyo sasa. Chora mistari tisa inayokwenda mashariki, na mistari tisa inayokwenda kaskazini. Kila mraba mdogo ni mita 100 kwa mita 100. Weka jiwe kwenye njia panda ya katikati kabisa. Hilo ni bomba.

Sasa chukua punje za mahindi. Weka punje kwenye kila njia panda ambayo iko mita 400 kutoka kwenye jiwe, lakini uhesabu kwa kufuata barabara. Nenda pande nne moja kwa moja mashariki, weka punje. Nenda pande tatu mashariki na moja kaskazini, weka punje. Mbili na mbili, weka punje. Moja na tatu, weka punje. Nne kaskazini, weka punje. Endelea kuzunguka hivyo hivyo mpaka urudi ulikoanzia. Punje zako ziwe 16. Zikiwa pungufu, umeruka mahali.

Tazama umbo lililotokea. Ni mraba uliosimama kwa kona yake, kama alama ya uru katika karata, au kama kishada cha watoto. Rudia sasa yale maneno ya mwanzo: duara ni mahali pote palipo na umbali mmoja kutoka katikati. Kila punje ina umbali wa mita 400 kutoka kwenye jiwe. Basi hili nalo ni duara, na lina kona nne!

Mzee mmoja wa darasa letu alikataa. Alisema duara ni duara, na huu ni mraba. Sikumlaumu. Macho yetu yamezoea kipimo cha kamba tangu utotoni. Lakini mwisho alishika fimbo mwenyewe, akahesabu njia panda moja baada ya nyingine, akanyamaza.

Sasa chora duara la kamba la mita 400 juu ya punje zile zile, kwa kamba na kijiti. Litazigusa punje nne tu, zile za kwenye kona. Kwingine kote duara la kamba linavimba na kutoka nje ya punje. Ndani ya duara la kamba mna ekari 124 hivi. Ndani ya duara la miguu mna ekari 79 hivi. Zinabaki ekari kama 45. Nyumba zilizo katika ekari hizo zinahesabiwa kwenye ramani kuwa zina maji, lakini wenyewe wanatembea zaidi ya mita 400. Nyumba ya mama yule imo humo.

Jambo jingine lilitufurahisha. Chukua sufuria. Pima upana wake mdomoni kwa uzi, kisha uzungushe uzi kwenye mdomo wote. Utaona mzunguko ni kama mara tatu ya upana na kipande kidogo, karibu moja ya saba. Kila sufuria ni hivyo, kubwa au ndogo. Je, duara letu la miguu likoje? Upana wake kutoka kona hadi kona ni mita 800. Kutoka kona ya mashariki mpaka kona ya kaskazini, kwa kufuata barabara, ni mita 800 pia. Kona ziko nne, kwa hiyo kulizunguka lote ni mita 3,200. Gawa kwa 800. Unapata nne kamili, bila kipande.

NJIA FUPI SI MOJA

Katika umbali wa kamba, njia fupi kutoka mahali hadi mahali ni moja tu: ile iliyonyooka. Katika mkonge sivyo. Tuseme unataka kwenda mahali palipo pande mbili mashariki na pande mbili kaskazini. Unaweza kupita njia sita zilizo tofauti, na zote ni mita 400. Zitafute mchangani kwa kidole. Watoto wa kijiji kile walikuwa wakibishana kila asubuhi nani anaijua njia ya mkato ya kwenda shule. Wote walikuwa wakitembea sawa. Kutoka Kitongoji cha Chini mpaka cha Juu, pande nne kwa nne, njia fupi ni 70. Usijaribu kuzihesabu zote usiku mmoja.

Na hapo ndipo tulipopata dawa ya ugomvi. Mahali alipochagua mtaalamu, katikati ya kipande, palikuwa na tatizo ambalo ramani haikulionyesha. Ni bondeni. Wakati wa masika maji husimama pale na barabara huwa tope. Watu wa Chini walitaka bomba lisogezwe. Watu wa Juu walikataa, wakidhani likisogezwe tu, upande mmoja utapunjwa. Walibishana miezi miwili.

Tulichukua punje tena. Tukaweka punje kwenye kila njia panda iliyo mita 400 kutoka Chini na pia mita 400 kutoka Juu. Hazikuwa moja. Zilikuwa tano! Zilipangana kwa mshazari, kutoka kona ya kaskazini-magharibi ya kipande, kupita katikati, mpaka kona ya kusini-mashariki. Kwa kamba, ile ya katikati tu ndiyo iliyo karibu kuliko nyingine. Kwa miguu zote tano ni sawa kabisa. Bomba likiwekwa kwenye yoyote kati ya hizo, hakuna kitongoji kinachoongezewa hata hatua moja.

Kamati ikaenda kuziangalia zote tano kwa macho. Wakachagua ya nne, iliyo mita 100 mashariki na mita 100 kusini ya pale katikati. Ni mahali pa mwinuko kidogo, na maji hayasimami. Kwa maoni yangu walichagua vizuri.

Mama yule, je? Tulimhesabia kwenye njia panda zote tano. Kila moja ni mita 500 mpaka kwake. Ukilisogeza bomba mita 100 kuelekea kwake, atapata 400, lakini Kitongoji cha Chini kitapata 500. Punje hazikuweza kumsaidia katika hilo. Zilisaidia jambo moja tu: sasa kila mtu aliona kwamba hayumo ndani ya mita 400.

WALIOTUTANGULIA

Wataalamu wa hesabu wanakijua kipimo hiki. Mjerumani Hermann Minkowski, aliyefariki mwaka 1909, alionyesha kwamba umbali unaweza kupimwa kwa njia mbalimbali, na hesabu ya kila njia ikasimama imara. Mwaka 1952 mwalimu mwingine, Karl Menger, mzaliwa wa Vienna, aliandika kijitabu kwa ajili ya watu wa kawaida waliokuja kutazama maonyesho ya hesabu mjini Chicago, Marekani. Mitaa ya Chicago imenyooka na inakatana kama barabara za shamba. Menger akakiita kipimo hiki kwa jina la teksi, kwa sababu teksi haiwezi kupita ndani ya majumba. Lazima ifuate mitaa. Kama umewahi kufika Kariakoo, Dar es Salaam, umeshakitumia. Kama Menger angeishi Kimamba, nadhani angekipa jina la mkonge.

Usifikiri kwamba vipimo ni hivi viwili tu. Kila nchi ina barabara zake, na barabara ndizo zinazochora duara. Tazama mto Mkondoa pale Kilosa. Watu wawili wanaweza kusimama kila mmoja ng'ambo yake, wakasalimiana kwa sauti. Kwa kamba wako karibu. Kwa miguu, umbali wao ni kwenda mpaka darajani na kurudi. Daraja likiondoka, umbali unakua siku hiyo hiyo, ingawa hakuna aliyehama. Watu wa Kilosa wanaikumbuka Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yalipobomoa nyumba na kukata reli. Kwenye ramani hakuna mji uliosogea. Lakini abiria wa treni wa kwenda Dodoma alijua kwamba Dodoma imekwenda mbali.

Au fikiri juu ya Mikumi. Mji huo uko kusini mwa Kilosa. Tai akiruka moja kwa moja atasafiri kilomita 63 hivi. Wewe kwa barabara utakwenda zaidi ya kilomita 70, na utapita Ulaya bila pasipoti, maana Ulaya ni kijiji cha njiani. Kisha fika kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapita katikati yake. Tembo hukata kona apendavyo. Wewe hushuki barabarani. Sasa uliza: ukiwa juu ya barabara hiyo, ni mahali gani palipo kilomita moja kutoka kwako? Ni pawili tu. Pamoja mbele yako, pengine nyuma yako. Hilo ndilo duara lako lote: nukta mbili. Halina kona, wala halina ukingo.

BARUA YA KAMATI

Turudi kijijini. Bomba lilichimbiwa pale kwenye njia panda ya nne, na maji yanatoka. Kamati ikaandika barua kuomba kituo cha pili. Aliyeiandika ni mwanakisomo wa darasa letu, na ilikuwa barua yake ya kwanza kwa ofisi yoyote. Hakuandika kwamba watu wanateseka, ingawa wanateseka. Alichora barabara za shamba, akaweka nukta kwenye bomba, akachora duara la miguu lenye kona nne. Kisha akaandika majina ya wenye nyumba zote zilizo nje ya duara hilo, na kando ya kila jina akaweka mita. Majina yalikuwa 17. Jina la kwanza ni la yule mama, mita 500.

Barua ilipokewa na kugongwa muhuri. Bomba la pili bado halijafika wakati ninapoandika maneno haya.

Kabla hatujakutana tena, fanya kazi hii. Toka nyumbani kwako uende mahali mnapochota maji. Hesabu hatua zako kwa njia unayopita kila siku, na wakati wa kurudi uhesabu tena ukiwa na ndoo, kwa kuwa hatua za mwenye mzigo ni fupi. Pima hatua yako moja kwa rula, uzidishe. Kisha chora kijiji chako mchangani, na njia zake kama zilivyo, zilizonyooka na zilizopinda. Weka jiwe penye maji. Weka punje kila mahali ambapo mtu anatembea mita 400. Umbo utakalopata huenda lisifanane na duara la mbuzi wala na uru. Lichore kwenye daftari lako, uje nalo darasani.